Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Nasaba na Uainishaji wa Familia ya Alizeti

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa botania, maofisa ugani, walimu na watu wanaopenda tu kujua mmea walioukuta njiani ni wa ukoo gani. Majibu yanahusu jambo moja: jinsi mimea ya familia ya alizeti inavyohusiana kwa nasaba, na jinsi uhusiano huo unavyoamua iwekwe katika kundi gani na iitwe jina gani.

Familia ya alizeti ni ipi, na ni kubwa kiasi gani?

Ni familia ya mimea itoayo maua ambayo kwa jina la kisayansi huitwa Asteraceae. Ndani yake mna alizeti, pareto, saladi, mchunga, mtugutu, kishona nguo, leleshwa na maelfu ya mimea mingine. Idadi ya spishi zake hukadiriwa kuwa kati ya 25,000 na 35,000, katika jenasi (vikundi vya spishi zenye ujamaa wa karibu) zipatazo 1,700, yaani karibu spishi moja katika kila kumi za mimea itoayo maua duniani. Ni familia ya okidi peke yake inayoweza kushindana nayo kwa wingi, na wataalamu hawajakubaliana ipi kati ya hizo mbili ndiyo kubwa zaidi. Leo inaota katika mabara yote isipokuwa Antaktika, kuanzia mchanga wa pwani hadi karibu na barafu ya Kilimanjaro.

Naambiwa ua la alizeti si ua moja. Ni kweli?

Ni kweli, na asiyelielewa jambo hili hataielewa familia yenyewe. Kile tunachokiita ua la alizeti ni kichwa chenye mamia ya maua madogo, wakati mwingine zaidi ya elfu moja, yaliyopangwa juu ya kitako kimoja bapa. Chukua kichwa kilichoanza kuchanua, ukipasue katikati kwa kisu, kisha utazame upande uliokatwa: utaona vijiti vimesimama bega kwa bega, na kila kijiti ni ua kamili. Chini kabisa ipo ovari, ambayo baadaye itakuwa kile tunachokiita mbegu, ingawa kwa hakika ni tunda kavu lenye mbegu moja ndani yake. Juu ya ovari kuna mrija uliofanywa na petali tano zilizoungana, na ndani ya mrija huo mna stameni tano, yaani viungo vya kiume, ambazo vifuko vyake vya chavua vimegandana na kufanya bomba jembamba.

Vifuko hivyo hupasuka kwa upande wa ndani. Sehemu ya kike inaporefuka hupita katikati ya bomba hilo ikiisukuma chavua mbele yake hadi itokeze juu, ambako nyuki huikuta. Baada ya hapo ndipo ncha yake hugawanyika mara mbili na kuwa tayari kupokea chavua kutoka kwenye ua jingine. Kila ua dogo, basi, huwa dume kwanza na jike baadaye, na kwa kuwa maua hukomaa kuanzia pembeni kwenda ndani, siku hiyo hiyo unaweza kuona kichwani duara la nje likiwa jike, linalofuata likiwa dume, na la katikati likiwa bado vitumba.

Hata zile ndimi za njano zinazozunguka kichwa, ambazo watu huzidhani kuwa petali, kila moja ni ua ambalo mrija wake umerefuka upande mmoja. Kwa alizeti maua hayo ya pembeni ni tasa, na kazi yake ni kuwavuta wadudu. Mchunga na saladi, kwa upande wao, hazina maua ya mrija hata kidogo: kila ua la kichwa chake ni ulimi wenye meno matano kwenye ncha, ilhali ulimi wa alizeti hauzidi meno matatu. Tofauti hii ndogo, ambayo inaonekana kwa macho matupu, ilitumika kuigawa familia kwa zaidi ya karne mbili.

Kiungo kingine cha kutazama kipo juu ya tunda. Mahali ambapo ua la kawaida lingekuwa na sepali za kijani, mimea hii ina vinywele, magamba au miiba. Manyoya meupe yanayolipeperusha tunda la mchunga, na ile miiba miwili au mitatu ya kishona nguo yenye vinyoleo vilivyoelekea nyuma, inayong'ang'ania suruali ya mpita njia, ni kiungo kile kile kilichorithiwa kutoka kwa mhenga mmoja kisha kikafinyangwa kwa kazi tofauti.

Niandike Asteraceae au Compositae?

Yote mawili ni sahihi. Kanuni za kimataifa za majina ya mimea zinaruhusu familia chache ziwe na majina mawili halali, na hii ni mojawapo. Hata vitabu rasmi vya mimea ya Afrika Mashariki vimetumia Compositae. Chagua moja na ulitumie hadi mwisho wa kazi yako.

Jamaa zake wa karibu nje ya familia ni akina nani?

Familia ya alizeti imo katika oda, yaani kundi la familia zenye ujamaa, iitwayo Asterales. Jamaa yake wa karibu kuliko wote ni Calyceraceae, familia ndogo ya Amerika ya Kusini ambayo nayo hubeba maua yake katika vichwa. Anayefuata ni Goodeniaceae, ambayo makao yake makuu ni Australia, lakini msomaji wa pwani hahitaji kusafiri ili aione: kichaka cha Scaevola taccada, chenye majani manene yanayong'aa na ua jeupe lililopasuka upande mmoja hata likaonekana kama nusu ya ua, huota kwenye mchanga wa fukwe za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar. Kwenye ncha ya sehemu ya kike ya ua hilo kuna kikombe kidogo kinachoipokea chavua ya ua lenyewe na kuitoa nje kwa wadudu. Tabia hiyo ya sehemu ya kike kufanya kazi ya kuitoa chavua tumeshaiona kwenye alizeti, na ni alama ya ujamaa wa zamani sana.

Lobelia kubwa za milimani nazo zimo katika oda hiyo hiyo, katika familia ya Campanulaceae. Ni binamu wa mbali, ingawa zinaota bega kwa bega na miti mikubwa ya familia ya alizeti ambayo tutaizungumzia hapa chini.

Familia hii ilianza wapi na lini?

Ushahidi wote mkubwa unaelekeza kusini mwa Amerika ya Kusini. Matawi ya kale kabisa ya mti wake wa nasaba yapo huko hadi leo, na jamaa yake wa karibu, Calyceraceae, naye ni wa huko. Mwaka 2010 Viviana Barreda na wenzake walitangaza kisukuku cha kichwa kizima cha maua kutoka Patagonia, Argentina, chenye umri wa miaka milioni 47.5. Vichwa vya maua ni laini na huoza upesi, kwa hiyo kisukuku cha namna hiyo ni bahati kubwa. Mwaka 2015 timu hiyo ilieleza chembe za chavua kutoka Antaktika zenye umri wa kati ya miaka milioni 76 na 66, zama ambazo dinosari walikuwa bado hai na bara hilo lilikuwa na misitu. Si wote waliokubali kwamba chavua hiyo ni ya familia hii hasa. Wapo wanaoiona kuwa huenda ni ya tawi jirani lililokwisha toweka.

Mwaka 2019 Jennifer Mandel, Vicki Funk na wenzao walitumia karibu jeni 1,000 za kiini cha seli kuujenga upya mti wa familia, wakafikia umri wa takriban miaka milioni 83. Ukiikubali hesabu hiyo, chavua ya Antaktika haishangazi tena. Kutoka Amerika ya Kusini wazao walisambaa, na Afrika ikawa kituo kikubwa cha matawi mengi yaliyofuata, jambo ambalo husahaulika kwa sababu vitabu vingi vya shule huitaja familia hii kwa mifano ya Ulaya.

Nani aliyeipanga familia hii kwanza?

Carl Linnaeus, katika kitabu chake cha mwaka 1753, aliiweka mimea hii katika ngeli, yaani kundi kubwa la mfumo wake, aliyoiita Syngenesia kwa sababu ya vifuko vya chavua vilivyogandana. Mfumo wake ulihesabu viungo tu bila kujali nasaba, lakini kwa bahati kiungo alichokichagua hapa kilikuwa kizuri, na karibu familia yote ikakaa pamoja.

Aliyeipa sura inayotambulika hadi leo ni Mfaransa Henri Cassini, aliyeishi kati ya 1781 na 1832. Alizaliwa katika ukoo wa wanaastronomia mashuhuri wa Paris, yeye akawa mwanasheria, na muda wake wa ziada akaumalizia kwenye maua ambayo mengine hayafiki urefu wa milimita tano. Alichunguza sehemu ya kike ya ua, stameni, mrija wa petali na tunda, kimoja baada ya kingine, akaigawa familia katika makabila, yaani makundi ya jenasi zenye ujamaa, na mengi ya makabila hayo bado yanatumika. Binafsi namwona kuwa ndiye mtaalamu mkubwa kuliko wote katika historia ya familia hii, kwa sababu aliyaona kwa lenzi mambo ambayo DNA ilikuja kuyathibitisha baada ya karibu miaka 170. Mwaka 1873 Mwingereza George Bentham aliyapunguza makabila hadi 13, na mpango wake ukatawala kwa zaidi ya karne moja.

DNA ilibadilisha nini?

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 1987. Robert Jansen na Jeffrey Palmer walichunguza DNA ya kloroplasti, yaani ile sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, wakagundua kwamba kipande cha takriban herufi 22,000 kimegeuzwa kichwa chini miguu juu katika jenasi 57 kutoka makabila yote. Kipande hicho kilikuwa hakijageuzwa katika familia za jirani. Hakikuwa kimegeuzwa pia katika kikundi kimoja kidogo cha Amerika ya Kusini kilichoitwa Barnadesiinae, ambacho Bentham na waliomfuata walikuwa wamekificha ndani ya kabila la Mutisieae.

Mageuzo ya namna hii ni nadra sana, na ni vigumu kuamini kwamba yangetokea mara mbili mahali pale pale. Maelezo rahisi ni kwamba yalitokea mara moja, kwa mhenga wa mimea yote ya familia isipokuwa kikundi hicho. Kwa hiyo Barnadesiinae, yenye spishi zisizofika mia moja, ni tawi dada la familia yote iliyobaki yenye makumi ya maelfu ya spishi. Mwaka 1992 ikapewa hadhi ya nusufamilia, yaani kundi lililo juu ya kabila na chini ya familia, ikaitwa Barnadesioideae. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba familia ilianza na mimea ya aina ya alizeti. Leo tunajua kuwa alizeti ni mmoja wa wajukuu wa mwisho kabisa kuzaliwa.

Leo familia imegawanywa vipi, na mimea ninayoijua imo wapi?

Mpango uliochapishwa mwaka 2020 kwa heshima ya Vicki Funk, aliyefariki mwaka 2019 baada ya kuiongoza kazi hii kwa miongo kadhaa, unatambua nusufamilia 16 na makabila 50. Hakuna haja ya kuyakariri. Nusufamilia nyingi kati ya hizo ni ndogo, na moja tu, Asteroideae, inabeba zaidi ya nusu ya spishi zote.

Ukipanda mti wa nasaba kutoka chini, unaanza na Barnadesioideae, ambayo Afrika haina hata mmea mmoja wake wa asili. Mbele kidogo unaikuta Mutisioideae, yenye jerbera, ua la duka la maua ambalo spishi zake kadhaa ni za asili ya Afrika. Kisha kuna nusufamilia ya Tarchonanthoideae, ambayo kwa Afrika Mashariki inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Humo mna leleshwa, Tarchonanthus camphoratus, kichaka cha kijivu kinachofunika maeneo makubwa ya Bonde la Ufa karibu na Nakuru na Naivasha. Humo pia mna muhugu, Brachylaena huillensis, mti wa mbao ngumu unaoweza kupita mita 20, ambao wachonga vinyago wa Kenya wameutumia kwa miaka mingi na ambao huota katika msitu wa Arabuko-Sokoke wa pwani ya Kenya. Anayenunua kinyago cha twiga cha muhugu ananunua mbao ya mmea wa familia moja na saladi, na mara nyingi muuzaji na mnunuzi wote wawili hawana habari.

Mimea ya miiba ya jenasi Carduus na Echinops, inayoonekana kwenye nyanda za juu, ni ya Carduoideae. Mchunga (Launaea cornuta) na saladi (Lactuca sativa) ni ndugu wa kabila la Cichorieae. Mtugutu ni wa Vernonieae. Pareto na artemisia ni wa Anthemideae, ndani ya Asteroideae, ambamo pia mna Senecioneae ya miti mikubwa ya milimani, Coreopsideae ya kishona nguo, na Heliantheae ya alizeti yenyewe pamoja na alizeti pori, Tithonia diversifolia, inayopandwa kama ua na kukatwa kuwa mbolea ya kijani.

Je, gugu karoti ni jamaa wa karoti?

Hapana. Majani yake yamechanika kama ya karoti, lakini mmea huo, Parthenium hysterophorus, uliotoka Amerika na ambao sasa unasumbua wafugaji na wakulima katika sehemu za Tanzania, Kenya na nchi jirani, ni wa kabila la Heliantheae. Karoti ni ya familia nyingine kabisa, Apiaceae. Chuma kichwa kimoja cheupe cha gugu karoti, kisichozidi kichwa cha kiberiti sana kwa ukubwa, ukitazame kwa lenzi: pembeni utakuta maua matano mafupi yenye ulimi mdogo, na katikati maua ya mrija. Karoti haina kichwa cha namna hiyo. Majani ni shahidi dhaifu wa nasaba, kwa sababu umbo la jani hubadilika upesi kulingana na mahali mmea unapoishi.

Ile miti ya ajabu ya Kilimanjaro na Mlima Kenya ni ya familia hii kweli?

Ni ya familia hii. Jenasi yake ni Dendrosenecio, ambayo Bertil Nordenstam aliitenga kutoka Senecio mwaka 1978, na spishi zake 11 zinaishi juu ya milima mirefu ya Afrika Mashariki na Kati peke yake. Shina lake hubeba shada la majani makubwa kileleni, na majani yaliyokufa hayadondoki bali hubaki yamelizunguka shina kama koti, yakilikinga na baridi ya usiku ambayo hushuka chini ya nyuzi sifuri karibu kila siku. Dendrosenecio keniodendron wa Mlima Kenya hukunja majani yake usiku kulifunika chipukizi la katikati.

Mwaka 1995 Eric Knox na Jeffrey Palmer walichapisha uchunguzi wa DNA ya kloroplasti ya sampuli 40 kutoka spishi zote 11. Kati ya mahali takriban 1,000 kwenye DNA walipopachunguza, ni mahali 9 tu palipotofautiana baina ya miti yote hiyo, lakini miti hiyo kwa pamoja ilitofautiana mahali 18 na Cineraria deltoidea, mmea mdogo uliokuwa jamaa yao wa karibu anayejulikana. Tofauti chache ndani ya kundi na nyingi nje yake maana yake ni kwamba kundi lenyewe ni changa: limegawanyika kwa haraka na hivi karibuni kwa kipimo cha jiolojia. Kwa kuufuata mpangilio wa tofauti hizo walipendekeza kwamba mhenga alianza juu Kilimanjaro, mnamo miaka milioni moja iliyopita, wazao wakahamia Aberdare, Mlima Kenya na Cherangani, kisha magharibi hadi Rwenzori, na kutoka huko kusini hadi Virunga na Kahuzi nchini Kongo, huku wengine wakirudi mashariki hadi Elgon.

Tahadhari moja inahitajika. Katika mimea mingi itoayo maua kloroplasti hurithiwa kutoka kwa mama peke yake, kwa hiyo historia hii ni ya upande mmoja wa ukoo.

Swali linalofuata huwa daima ni kuhusu Andes. Juu ya milima ya Kolombia na Venezuela kuna mimea ya jenasi Espeletia yenye shina nene, shada la majani kileleni na koti la majani makavu, inayofanana na Dendrosenecio kiasi cha kumchanganya mgeni. Zote ni za familia moja, ila makabila ni tofauti: Espeletia ipo upande wa alizeti. Mhenga wao wa pamoja hakuwa na umbo hilo. Baridi kali ya kila usiku na jua kali la kila mchana ndivyo vilivyoyaleta maumbo mawili yanayofanana katika mabara mawili.

Je, matawi ya nasaba yakishaachana hayakutani tena?

Hukutana, na familia hii ina mfano mzuri kuliko karibu familia nyingine zote. Katika magharibi ya Marekani alizeti wa kawaida, Helianthus annuus, alichanganyika na Helianthus petiolaris, na kutokana na michanganyiko hiyo zikazaliwa spishi tatu mpya: Helianthus anomalus inayoishi kwenye vilima vya mchanga, Helianthus deserticola ya jangwani, na Helianthus paradoxus ya ardhi oevu yenye chumvi. Loren Rieseberg na wenzake walionyesha kwamba kila moja inaweza kuishi mahali ambapo wazazi wote wawili wanashindwa. Kwa hiyo mti wa nasaba unaochorwa vitabuni ni muhtasari. Mahali pengine ungefaa kuchorwa kama wavu.

Kwa nini majina yanabadilikabadilika?

Kwa sababu leo kanuni ni moja: kundi linalopewa jina linatakiwa kumjumuisha mhenga mmoja na wazao wake wote. Kundi lililokusanywa kwa kufanana kwa sura tu hugawanywa mara linapogundulika kuwa limechanganya koo.

Mtugutu ni mfano unaowakera wengi. Kwa miaka mingi uliitwa Vernonia amygdalina, katika jenasi iliyokuwa imefikia takriban spishi 1,000. Uchunguzi ulionyesha kwamba Vernonia halisi ni ya Amerika, na spishi za Afrika na Asia ziko kwenye matawi mengine. Harold Robinson wa Taasisi ya Smithsonian alizipanga upya, hasa kuanzia mwaka 1999, na mtugutu sasa ni Gymnanthemum amygdalinum. Makala nyingi za dawa bado zinatumia jina la zamani, kwa hiyo anayetafuta habari zake atafute kwa majina yote mawili.

Pareto imepita njia ndefu zaidi: imeitwa Chrysanthemum cinerariifolium, Pyrethrum cinerariifolium na sasa Tanacetum cinerariifolium. Jenasi Chrysanthemum ilipopasuliwa, kanuni ziliielekeza ibaki na spishi ambazo hazikuwa zile za bustani, na maua maarufu ya Asia yakapewa jina la Dendranthema. Wakulima wa maua wakalalamika, na mwaka 1999 mkutano mkuu wa wanabotania ukaamua Chrysanthemum irudishwe kwa maua hayo. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara, kwa kuwa sayansi haikupoteza chochote: nasaba zilibaki zilivyo, na watu wakabaki na jina lao.

Je, jamaa wa karibu wana kemikali zinazofanana?

Kwa kiasi fulani, na hapa watu hujidanganya mara nyingi. Familia nzima huhifadhi chakula chake kwa inulini badala ya wanga wa kawaida, na sehemu kubwa yake hutengeneza kemikali chungu za kundi la laktoni za seskwiterpeni. Ndizo zinazouleta uchungu wa mchunga na mtugutu, na ndizo zinazosababisha muwasho wa ngozi kwa wanaong'oa gugu karoti kwa mikono mitupu. Lakini ndani ya familia kila tawi lina kemikali zake. Artemisinini, dawa ya malaria iliyomletea Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015, hutoka kwa Artemisia annua, na pareto, ambayo ni ya kabila hilo hilo, inatoa pairethrini ya kuua wadudu. Kuwa kabila moja na artemisia hakuufanyi mmea wowote kuwa dawa ya malaria.

Naweza kulitambua kabila shambani bila maabara?

Mara nyingi ndiyo, ukiwa na lenzi ya mkononi. Utomvu mweupe pamoja na kichwa cha ndimi tupu ni Cichorieae. Majani yanayonukia, yaliyochanika, na vijani vya chini ya kichwa vyenye kingo nyembamba kavu ni Anthemideae. Vijani hivyo vikiwa safu moja ya urefu sawa, na tunda likiwa na manyoya laini meupe, fikiria Senecioneae. Majani yaliyopangwa mawili mawili yakikabiliana kwenye shina yanaelekeza upande wa alizeti na kishona nguo, ila hapo pana mtego: Eupatorieae, ambayo haina ndimi kabisa na kwa muda mrefu iliwekwa mbali, DNA imeionyesha kuwa imezaliwa katikati ya ukoo huo huo. Maua ya mrija ya zambarau au meupe, bila ndimi, kwenye mmea wenye majani ya kupishana, kwa kawaida ni Vernonieae. Hakikisha kwa kutazama ncha mbili za sehemu ya kike, ambazo ni ndefu, zimechongoka na zina vinywele.

Leleshwa ndiyo inayowashinda wengi. Vichaka vya kiume na vya kike ni mbalimbali, vichwa ni vidogo na havina ndimi, na vya kike vikikomaa hufunikwa na sufi nyeupe hata mtu akadhani ni pamba ya mwituni. Ponda jani: ukinusa kafuri, na upande wa chini wa jani ukiwa mweupe kwa vinywele vilivyolala, umefika katika Tarchonantheae, na kichaka cha kiume kilicho karibu kitakuonyesha vifuko vya chavua vilivyogandana.